Pijo la Isevya

Mnunuzi wa kwanza alikuja na mizani.
Akalizunguka Pijo mara moja, akalipiga teke tairi,
akasema, "Mama Sizya, hiki ni chuma tu.
Laki mbili na nusu, nakibeba leo leo."
Nikampa maji ya kunywa, nikamwambia aende salama.
Hata mbuzi hauzwi kwa uzito wa pembe zake.

Mimi nimekaa siti ya kushoto miaka ishirini na miwili,
najua lilipoumwa na lilipopona.
Giaboksi ilibadilishwa kabla Mihayo hajalazwa Kitete.
Rejeta haina kiraka.
Mlango wa nyuma, sawa, uligongwa na ng'ombe njia ya Sikonge,
na ng'ombe alikuwa na haki yake.

Sikushika spana siku hiyo.
Fundi Kasoga alisema, "Anza na karatasi, shemeji.
Nati zina subira kuliko ofisi."
Kadi ilikuwa bado na jina la marehemu.
Nikaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo,
tangazo likakaa ukutani mpaka wino ukafifia,
asipinge mtu, hata yule wifi wa Nzega mwenye maneno.
Nikatoka msimamizi wa mirathi:
cheo kikubwa hicho, kwa gari lisilowaka.

Mapato, kijana wa dirishani akauliza,
"Sababu ya kulifuta?"
Nikasema, limechoka.
Akasema fomu haina neno hilo.
Tukakubaliana: halitumiki tena barabarani.
Nikamkabidhi kadi na vibao viwili vya namba
nilivyovisugua kwa majivu usiku kucha
kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni.

Ndipo Kasoga akafungua boneti.

Nikanunua daftari. Kila kifaa na bwana wake,
jina, simu, saini, na namba ya injini kwa aliyechukua injini,
asije mtoto wa watu akalala rumande kwa ajili yangu.
Giaboksi ilipanda treni kwenda Kaliua.
Rejeta ilichukuliwa na mzee wa Urambo mwenye Pijo kama letu;
hakuomba punguzo, aliishika tu kifuani
kama aliyerudishiwa kitu chake.
Springi za nyuma kwa mhunzi wa Ng'ambo. Ekseli ikawa mkokoteni,
sasa inavutwa na punda wawili, na hawajui kwamba wamerithi.
Siti yangu ipo kwa kinyozi wa Cheyo.
Nikipita namwona mwanamume ameegemea shimo la mgongo wangu,
ananyolewa ndevu.

Honi ilizua ugomvi. Vijana watatu wa bodaboda.
Nikainadi palepale mlangoni,
ikafika elfu kumi na nane. Honi!
Mihayo angecheka mpaka akohoe.

Oili chafu hatukumwaga chini. Tuliikinga kwenye dumu,
jirani akapaka nguzo za zizi lake, mchwa wakahama.
Hiyo sikuiandika bei.

Wa mwisho alirudi yule wa mizani.
Nilikuwa nimembakizia bodi, mifupa mitupu juu ya matofali.
Sasa pima, nikamwambia,
nikasimama pembeni yake nikisoma mshale kwa miwani ya marehemu.
Laki na arobaini, mifupa peke yake.
Nikajumlisha mara tatu, sikuamini penseli:
milioni moja, laki tisa na chenji.
Ada ya Sizya mwaka mzima, na bati sita za jikoni.

Kitu kimoja hakikupata mteja: zulia la buti.
Mihayo alikuwa akibeba asali ya Sikonge,
na madumu yake hayakuwahi kuwa na vifuniko vya kuaminika.
Nikalitandaza uani, nilipige vumbi, nilitupe.
Kufika adhuhuri nyuki walikuwa wamejaa,
wanatembea juu yake polepole, wanakagua,
kama wanunuzi waliochelewa kupata habari.