Kiti cha Aulis

Kiwanda cha zamani cha maziwa, Tampere,
kuta zikinuka mtindi kila kiangazi:
ndimo nilimokaa miaka thelathini na minne
nyuma ya kioo.
Fundi mitambo.
Jina langu lilichapwa nyuma ya jalada
kwa herufi za ukubwa wa chawa,
na bado wakalikosea: Hakarainen,
K moja imemezwa.

Nilifunzwa na wembe.
Mkanda hukatwa mshazari, si wima,
wimbo usije ukajikwaa penye mshono.
Nimekata kikohozi, nimekata kwikwi,
nimekata tusi la mpiga besi uzi ulipomkatikia,
nimeunga "nakupenda" ya Jumanne
na "milele" ya Ijumaa,
na maharusi wa nchi nzima wakacheza
juu ya gundi yangu.

Usiku ule Aulis aliingia na theluji mabegani,
koti hakuvua.
Mkewe alikuwa ameondoka, na birika, na mapazia.
Akasema: Tuovi, washa. Mara moja tu.
Akaimba amekaa, jambo nisiloliruhusu
(mtu akikaa, pumzi hujikunja),
na kabla ya ubeti wa tatu
akajiinamia,
kiti kikalia: nyii.

Sikukisikia.
Mimi, niliyeitwa popo!
Nilikuwa nalia.
Nilikuja kukisikia
santuri elfu nane zimeshafika madukani.

Sikio halilali njaa, husemwa.
Langu lilikula likavimbiwa.
Daktari kanichorea mstari unaoporomoka:
kwanza alikwenda ndege,
kisha upatu,
sasa herufi S, hata kwenye jina la Aulis
ambaye tulimzika mwezi wa pili,
ardhi ngumu, wachimbaji wakiipasha moto kwanza.

Jana, supamaketi, mbele ya samaki wa barafu,
sauti yake ikashuka kutoka darini.
Nikatega. Ubeti wa pili ukaisha.
Pumzi. Hapa. Hapa hapa.
Kimya.

Kando yangu mtoto mwenye kofia ya sufu
akamvuta mamaye mkono:
Kiti cha nani hicho?
Kiti gani? Twende.

Nilifungua kinywa nimjibu.
Mlango wa friji ulikuwa bado mkononi mwangu,
kioo kimeshika ukungu,
na watu nyuma yangu
wanataka samaki.