Risasi ya Kulehemu

Mchiwa kaniletea bunduki ya bomba la maji,
kaipaka rangi ya fedha, bado inanuka.
"Fundi, Ijumaa tuna igizo. Mimi mlinzi wa mwezi.
Nataka iwake. Nataka ilie."

Ilie vipi?
Akafumba macho, akatoa mdomoni mlio
ambao sijausikia Majengo nzima:
mbuzi aliyemeza king'ora.

Nikalipasua bomba kwa msumeno wa chuma.
Taa nyekundu, ya pikipiki iliyogongwa Kizota.
Swichi, ya kengele ya mlango.
Spika nikaichomoa kwenye redio ya marehemu kaka,
iliyokuwa ikimtangazia bei ya alizeti
kabla hajanawa uso.

Upepo wa Julai unapekua mabati, vumbi halibishi hodi;
nikaikinga ncha ya moto kwa kiganja,
nikalehemu waya mmoja mmoja.

Mara ya kwanza, kimya.
Nimegeuza betri, mtu mzima na miwani yangu.
Mara ya pili ikawaka, ikalia,
muuza vitenge wa jirani akamwita Mungu kwa Kigogo.

"Ina risasi?" mama mtu kauliza, mkono kifuani.
Ninayo, nikamjibu, imeyeyukia kwenye viungo.
Hiyo haitoki. Kazi yake kushika.

Nilisema elfu tatu. Kalipa mbili na karanga.

Usiku umeme ukakatika. Nimelala macho,
ng'ambo ya mtaa namsikia kaka,
miaka sita bubu,
analia kama mbuzi aliyemeza king'ora,
na watoto wanacheka.