Kofia

Tulikuwa darasa la nne, Al-Khoud,
siku mwalimu wa Kiarabu alipogonga meza
akatuamuru tuvae ile ya kichwani,
akaitaja kwa jina lake, wazi, saa tatu asubuhi,
jina ambalo kwetu, kwa watu waliotoka Unguja,
hutajwa gizani, au kwa tusi, au halitajwi.

Safu ya nyuma ikaanguka.
Thuwaini alicheka mpaka akajikojolea.
Muhanna akashikwa na kwikwi, akalala nayo.
Mimi nikachapwa,
maana nilitakiwa nieleze kilichonichekesha
na sikuwa na lugha ya kuelezea,
si hii, si ile.

Makundi mengine yalizaliwa kwa njaa na kwa risasi.
Letu lilizaliwa kwa neno moja
lenye heshima upande huu wa ulimi
na aibu upande wa pili.
Tukajiita Safu ya Nyuma.

Sasa Mabela ya viwandani,
nyuma ya gereji ya Mmalabari apakaye rangi matangi,
kuta tumezivisha magodoro.
Ukiwasha kiyoyozi, kipaza sauti kinanasa mngurumo.
Ukizima, Julai inaingia bila hodi.
Tumezima.
Vibao kumi na moja tumevirekodi na vikoi tu viunoni,
isipokuwa Shinuna, aliyejiletea feni ya betri
na hakumwazima mtu.

Thuwaini mchana ni karani wa bima,
anasema "naam" mpaka simu yenyewe inaona haya.
Usiku ni Bwana Mchi, hasemeki.
Muhanna kamwambia mkewe anasoma Kijerumani.
Mkewe, mjanja, kila akirudi humuuliza:
haya, na "jasho" wanasemaje?
Shinuna anashona mapazia Al-Hail.
Sura yake hatuitoi, sauti tu,
na sauti hiyo ndiyo iliyomwambia bwana mmoja, kwenye kibao cha saba,
kwamba fimbo yake ni fupi, dirisha ni pana,
na pazia haliwezi kuning'inia kwa maneno.

Yeye ndiye aliyetia akili:
kofia arobaini, za kutarizi kwa mkono,
ndani ya kila moja flashi imeshonewa utosini.
Albamu yetu inaitwa hivyo, *Kofia*.
Anayejua kwa nini hatukuipa jina la pili, anajua.

Alhamisi usiku, maegesho ya Seeb, buti la Korola limefunguliwa.
Riali tano. Mmoja kauliza kama ipo ya watoto.
Mmoja kanunua mbili, kachomoa flashi, katurudishia:
"Hii imesahaulika humu."

Kisha Shangazi Salha.
Mkunga mstaafu, miaka sabini na moja.
Kachukua yake, karudi garini, kapandisha vioo.
Dakika arobaini na nne.
Tumesimama pale kama watuhumiwa,
Thuwaini anasoma Ayatul Kursi,
gari linanguruma, taa ya ndani haiwaki.

Kioo kikashuka vidole viwili.
"Kibao cha tano. Mstari wa tatu."
Kimya.
"Mchi hauombi njia. Kinu ndicho kinachouita mchi.
Nani kawafundisha? Hata kutukana hamjui."
Akataka nne zaidi, za wenzake wa Jumanne,
na akataka apunguziwe bei.

Zilibaki tisa.

Jumapili Thuwaini kaenda kazini na mojawapo,
kwa kusahau au kwa ushetani, hakutuambia.
Meneja kamsimamisha mbele ya ofisi nzima,
kamgeuza kushoto, kamgeuza kulia,
kaisifu kazi ya sindano, rangi, namna ilivyokaa,
kwa sauti kubwa,
akiitaja, akiitaja tena,
na kule mwisho, karibu na mashine ya kuchapia,
mwanamke mmoja ambaye hatujawahi kujua ni wa kwetu
akainama ghafla chini ya meza
kutafuta kalamu.