Kiasi cha Kubadili Nia

Kila mwezi wa tatu napanda ngazi tisini na mbili
za jengo la Mtaa wa Wólczańska, hapa Łódź,
na mkoba wa ufunguo, kabari na vipande vya sufu,
kwenda kupatanisha piano ya Bogna Sieradzka.
Lifti wameitengeneza mara tatu. Mara tatu imesusa.

Kwa kuyatazama meno tu
najua mwaka mzima alikuwa akitunga nini.
Filamu hula katikati: hapo meno yamepauka
kama kizingiti cha duka la mikate.
Tamasha hula kotekote, mpaka kule chini kabisa
ambako sauti si sauti tena, ni sakafu inajikuna.

Safari hii yalichakaa matatu.
"Filamu ya Radomir," akasema, akiondoa vikombe juu ya piano.
"Mwanamke anamenya viazi. Sekunde arobaini na moja.
Nilimpa nota mia mbili, akasema punguza.
Nikampa thelathini, akasema punguza.
Nikampa tatu. Akanyamaza, akaomba chai."

Akanionyesha kwenye skrini ndogo:
kisu, ganda linalojipinda, dirisha la jikoni lenye ukungu,
na zile nota zikiingia mojamoja
kama watu waliochelewa mazishi na hawataki kuonekana.
Ya tatu haikuwa sawa.
Waya mmoja kati ya zile tatu umelegea kadiri ya unywele,
sauti ikawa inatetemeka pembeni,
kama kidevu.

"Hiyo nitakunyooshea," nikasema, mkono tayari mkobani.
Bogna akaweka kiganja chake juu ya wangu.
Hakusema kitu.
Nikashuka ngazi zote bila kuugusa waya ule,
na nikalipwa fedha kamili, jambo lililoniuma wiki nzima.

Kisha Novemba, ukumbi wa tamasha.
Wanamuziki sitini na wanane, na piano nyeusi,
ndefu kama gari la maiti,
imeng'arishwa hadi unayaona madeni yako usoni mwako.
Zile nota tatu zimekua. Sasa ni dakika ishirini na sita,
zina filimbi, zina pembe, zina ngoma
inayosubiri kurasa kumi na nne ipige pigo moja.
Lakini mwishoni zinarudi zenyewe, uchi, tatu.

Alinifuata jukwaani saa nane mchana, koti bado lina mvua.
"Bwana Zenobiusz. Nilegezee ule."

Miaka arobaini na minne nimekula kwa kunyoosha.
Meneja wa ukumbi angenifukuza.
Marehemu baba, naye alikuwa fundi, angenifufukia.
Nikaweka ufunguo juu ya msumari,
nikautafuta waya kwa sikio, nikaupata ukiwa mzima,
mwaminifu, hana kosa,
nikaugeuza kwa kiasi cha—
sijui niseme kiasi gani—
kiasi cha mtu kubadili nia.

Usiku ule nilikaa safu ya mwisho, kando ya bomba la joto.
Walioiona filamu walifumba macho.
Wasioiona walihesabu taa za dari.
Ikaja ya kwanza. Ya pili ikakawia,
nikadhani Bogna amesahau, nikadhani ameghairi.
Ya tatu ikatetemeka,
na mwanamke mmoja mbele yangu akafungua mkoba,
akatafuta kitu ndani, hakukipata,
akaufunga.

Gazeti la Jumatatu lilisifu pembe.

Mimi asubuhi yake nilikuwa nimesharudi,
maana mchana kulikuwa na vijana wa mashindano
na vijana hawastahili dhambi za wengine.
Ukumbi mtupu, harufu ya nta,
mfagiaji anapiga mluzi kwenye safu za katikati.
Nikalibonyeza lile jino mara moja kabla ya kunyoosha.
Nikalibonyeza tena.

Fagio likasimama.
"Hiyo ina kasoro," mfagiaji akasema.
"Najua," nikamwambia. "Nipe dakika moja."