Harufu ya Samaki

Wiki ya tatu sasa, ikigonga saa moja jioni,
sebule inanuka samaki.
Bibi Tsiuri anafunga dirisha la roshani
na kumlaumu Jumberi wa ghorofa ya chini,
mgane asiyejua kukaanga hata yai.

Tbilisi haina bahari.
Na Jumberi, nilipoteremka kumuuliza,
alikuwa anakula mkate na jibini,
sufuria zake kavu, zimelala kifudifudi.

Nikarudi juu nikinusa kama paka:
kochi, zulia, kabati la vyombo,
hadi pua ikasimama mbele ya soketi
iliyokuwa nyeupe mwaka niliozaliwa.
Leo ina rangi ya chai.
Nikaigusa kwa mgongo wa kidole.
Ina homa.

Mambo tuliyoyazoea, jamani!
Hita ikiwashwa, taa inainama
kama mdaiwa aliyesikia jina lake likitajwa.
Swichi ya bafuni inatafuna, tsi, tsi,
nasi tunapandisha sauti ya televisheni.
Chini ya zulia kuna waya mmoja wa nyongeza
umebeba friji, pasi, birika na hita,
punda afe, mzigo ufike.

"Umeme huu aliuweka Otari kwa mikono yake,"
anasema Bibi. "Mwaka wa sabini na nne,
nina mimba ya baba yako. Usiuguse."

Alhamisi nikamleta fundi Zauri.
"Zima swichi kuu. Hadithi baadaye."
Akafungua kisanduku cha ukumbini,
akacheka bila furaha:
mahali pa fyuzi pamekunjwa kipande cha shaba,
kinene kama sindano ya kushonea magunia.
"Mdudu," akasema. "Ndivyo tunavyomwita.
Fyuzi kazi yake ni kufa kabla yenu.
Huyu hafi."

Nyuma ya soketi, alumini na shaba
zimesokotwa pamoja, zimefungwa plasta ya jeraha,
na plasta imekuwa mkaa.
"Hizi mbili hazipatani.
Zikipata joto zinasukumana, zikipoa zinalegezana,
kila mwaka zinaachana kidogo,
na cheche ndiyo maneno yao."
Akatafuta waya wa ardhi. Hakuna.
Akajipangusa masizi kwenye suruali.
"Hapa hapatiwi kiraka, mama.
Nyaya mpya, nyumba nzima."

Bibi hakujibu. Anatazama ukuta,
kati ya soketi na mlango,
penye mistari ya penseli:
urefu wa baba akiwa na miaka mitano,
wa shangazi Nanuli, saba, akisimama kwa ncha za vidole
(aliiba sentimita mbili, kila mtu anajua),
wangu. Waya unapita hapo hapo,
nyuma ya magoti yetu yote.

Akaenda akaleta futi yake ya ushonaji.
Akapima mstari baada ya mstari, polepole,
akiandika nyuma ya daftari la mapishi.
Ya Nanuli akaitoa zile mbili.
Kisha akakunja futi.
"Otari alitupenda kwa alivyokuwa navyo:
alumini ya mabaki kiwandani, na plasta.
Vunja."

Siku kumi na tisa tulikula vumbi.
Tuliuza kinanda kisichochezwa na mtu.
Sasa ukumbini kuna kisanduku kipya,
kina kitufe cha kujaribia,
na kila tarehe mosi Bibi anakibonyeza: tak!
Giza. Anacheka humo gizani
kama msichana aliyejificha,
halafu anaurudisha umeme.

Mdudu yumo kwenye kopo la vifungo.
Hajamtupa, nami sijauliza.

Jana, saa moja, akainua pua kwa mazoea,
akaganda. Nikaruka kwenda kwenye soketi:
baridi kama kokoto. Nikachungulia roshani,
na huko chini, moshi wa mafuta,
Jumberi na aproni ya marehemu mkewe,
anageuza samaki kwa uma.

Dirisha tuliliacha wazi.