Sababu ya Kumiliki

Fomu ina mistari kumi na miwili.
Jina, nimejaza. Kata, nimejaza.
Aina ya silaha: rivolva, tundu sita,
mtutu wa shibiri moja,
uzito wa mtoto njiti aliyekataa kufa.
Sababu ya kumiliki.
Hapo kalamu ya Afande Mwikwabe imesimama mkononi mwangu,
na nyuma yangu foleni inakohoa.

Baba alikuwa bwana nyama.
Hakuipenda bunduki ndefu vichakani.
Matete hayana adabu, alisema,
yanaushika mtutu kama mlevi anavyoshika shati la mtu.
Kiboko akishajeruhiwa hufuatwa taratibu
mpaka usikie pumzi yake kabla hujaiona ngozi,
na hapo mkono unataka kitu kifupi
chenye neno moja.

Kule Igombe, Jumapili, wenzetu wakiwa misani,
aliipaka mafuta ya cherehani ya mama.
Risasi tano kwa tundu sita.
Ile iliyokaa chini ya nyundo aliiacha wazi.
"Chumba cha mgeni," alituambia,
"na tuombe asifike."

Nilipotimiza miaka kumi na saba alinipeleka nyuma ya majabali,
akaweka debe juu ya mwamba,
akasimama mgongoni kwangu, viganja chini ya viwiko vyangu.
"Usivute. Bembeleza."
Sikusikia mlio. Watu hawaniamini nikisema.
Niliona mikono yangu ikipanda angani bila kuniaga
na yangeyange wakimwagika kutoka mtini kama unga.
Debe lilikuwa palepale.
Baba alicheka mpaka akakaa chini.
Tangu siku hiyo mvua ikianza safari kutoka Ukerewe
kifundo changu hupata habari kabla ya redio.

Aliniachia rivolva, na kopo la majarini
lenye risasi kumi na moja, nene kama vidole gumba.
Nilizunguka mji. Makoroboi, muuza nyavu mmoja
aliishika moja, akaipima kiganjani, akanirudishia.
"Dada, hizi hata picha yake sina."
Kwa hiyo mimi, muuza dagaa wa Mwaloni,
nina tajiriba ya kuhesabu hadi kumi na moja.

Mwaka jana Ndaturu wa Kayenze alikuja usiku.
Kiboko jike anamaliza mpunga.
Ofisini wamemwambia gari halina mafuta.
Nikaenda.
Alikula kwa sauti ya kanga mpya ikichanwa.
Hatua kumi. Labda nane.
Mwezi ulikuwa umemkalia mgongoni.
Nikainua kwa mikono miwili, nikavuta nyundo,
nikabembeleza.

Ta.

Silinda huzunguka kulia. Mimi nilipopakia
nilihesabu kushoto.
Mgeni akawa amefika.

Akainua kichwa, mabua yakining'inia mdomoni,
akanitazama kama mke mwenza anavyokutazama
ukimkuta jikoni kwako.
Tundu lililofuata lilikuwa na risasi.
Nilijua. Kidole kilijua.
Ndaturu, nyuma ya tuta, alinong'ona jina langu
mara tatu: Milembe, Milembe, Milembe.
Kiboko akageuka, akaingia ziwani
bila haraka, maji yakajifunga.

Ndaturu hanisalimii. Ana haki.
Magunia saba, na watoto wanasoma.
Nilimpelekea dagaa sado mbili;
chombo kilirudi kimeoshwa, hakina neno ndani.

"Andika 'ulinzi wa mazao'," afande ananisaidia,
"wote wanaandika hivyo."
Naandika. Herufi zinaegemeana kama walevi.
Idadi ya risasi: kumi na moja.
Anafungua daftari la mwaka jana, anafuata mstari kwa kucha.
Kumi na moja. Mwaka juzi, kumi na moja.
Ananitazama juu ya miwani.
"Kumbe huitumii?"

"Naitumia," nikasema,
nikaomba wino wa kidole gumba.