Tundu la Sindano

Nilidhani ni macho.
Kila asubuhi kabla ya shule
nilimtungia baba uzi kwenye sindano,
mimi wa darasa la tatu, vidole vina uji.
"Uzee huu, Nyanzala," alisema,
na hakuwa ametimiza arobaini.

Mama akauza debe la karanga,
tukamnunulia miwani karibu na stesheni.
Gazeti akalisoma mpaka herufi za chini kabisa.
Uzi ukaendelea kupita kando ya tundu
kama mgeni aliyesahau mlango.

Ikifika saa nne anakwenda uani,
"kuangalia kuku."
Hatukuwa na kuku.
Akirudi anatafuna karafuu
na mkono umetulia kama maji ya mtungini.
Hapo ndipo mshono uliponyooka,
hapo ndipo Isevya nzima ilipomsifu:
Fundi Kapungu, anakupima kwa jicho!
Nani amshuku mtu asiyeyumba?
Walevi tuliowajua walilala mtaroni,
waliimba usiku, walitukana wakwe.
Baba yangu hakuimba.

Lile kopo la mafuta ya cherehani
nililifungua siku moja nilainishe gurudumu.
Gongo.
Zamani ilikuwa wanzuki, kikombe kimoja, penye harusi.
Kisha Jumamosi. Jumamosi ikamega Ijumaa,
Ijumaa ikabisha hodi kwa Alhamisi.
Sare za Januari zikashonwa Machi.
Mama akawaambia wateja, "Ana malaria,"
nami nikasema malaria.
Mwaka ule nyumba yetu iliugua malaria mara kumi na moja
na hakuna aliyenunua dawa.

Akaapa. Alinishika kichwa akaapa.
Siku ya kwanza, jasho.
Siku ya pili akafukuza siafu ukutani,
ukuta mtupu.
Siku ya tatu akaanguka chini ya cherehani, povu mdomoni,
majirani wakasema: karogwa huyu.

Kule Kitete muuguzi hakuuliza anakunywa kiasi gani.
Swali hilo baba ana jibu lake: kidogo.
Aliuliza, "Mkono hutulia saa ngapi?"
Mama akatazama sakafu.
Nikajibu mimi:
"Saa nne. Akishaangalia kuku."

"Huu ni ugonjwa," akasema, "na kuukata ghafla, peke yako nyumbani, huua.
Mngemleta kwanza."
Mngemleta. Na tungesema anaumwa nini?

Nina miaka ishirini na mitatu.
Baba ameacha mara tatu, amerudi mara mbili.
Leo yuko kibarazani na sindano yake.
Anakosa. Analamba uzi, anakosa tena.
Mikono inaniwasha kumsaidia;
nimeikalia.

Uani siku hizi wapo kuku wa kweli, sita, na jogoo.
Hununua mahindi yao mwenyewe.
Akiinuka kwenda kuwaangalia
mimi na mama hatutazamani.
Tunasubiri arudi na mayai.